Kulala mchana kutwa hakuondoi uchovu wa kemo (dawa za saratani): fanya hivi

"Sista, nashinda nimelala lakini uchovu hauishi. Na usiku ndiyo kabisa, macho makavu mpaka adhana ya alfajiri."

Maneno haya nayasikia karibu kila siku ya kliniki. Nyuma ya mgonjwa huwa amesimama ndugu aliyemleta, naye anaongeza kwa fahari: "Tunamwambia apumzike tu, hata kikombe haoshi."

Nia ni njema, matokeo mabaya. Uchovu wa saratani si ule wa kushinda shambani, kwamba ukilala unaamka mpya. Mwili ukikaa kitandani siku nyingi, misuli inalegea, na misuli ikilegea hata kwenda chooni kunakuwa safari. Usingizi wa mchana nao unaukopa wa usiku. Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 113 zenye washiriki zaidi ya 11,000: mazoezi na tiba ya kisaikolojia vilipunguza uchovu huu kuliko dawa zilizojaribiwa. Kwa hiyo ninachokuelekeza hapa si cha kupoteza muda ukisubiri dawa. Ndiyo tiba yenyewe.

Hatua ya 1: Anza na daktari wako

Upungufu wa damu, maumivu, maambukizi, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, kutokula: vyote huleta uchovu, na huwezi kuutembeza mguu ukauponya upungufu wa damu. Uliza vipimo vyako vinasemaje.

Uliza pia kuhusu deksamethasoni, vile vidonge ambavyo wengi hupewa ili wasitapike. Vinafukuza usingizi. Mara nyingi inawezekana kuvimeza asubuhi, au cha mwisho kisivuke mchana. Lakini wa kupanga upya saa ni daktari. Usiviache wala kuvisogeza kwa uamuzi wako.

Hatua ya 2: Daftari la siku saba

Daftari dogo la shule linatosha. Kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi kwa jumla, na uliamka saa ngapi. Kadiria tu, ukianza kuchungulia simu usiku kuhesabu saa umejiharibia. Mchana andika nguvu zako mara tatu, kutoka 0 hadi 10.

Bibi mmoja asiyejua kuandika alitumia punje za maharage: asubuhi, mchana na jioni anaweka kikombeni punje kadiri ya nguvu alizonazo, mjukuu akitoka shule anazihesabu na kuandika. Lile lilikuwa daftari safi kuliko mengi niliyowahi kuletewa.

Baada ya wiki utaona mwendo wa mwili wako. Wa kemo wengi huishiwa nguvu siku chache baada ya dripu, halafu wanapanda taratibu mpaka dripu nyingine. Wa mionzi uchovu hujikusanya wiki baada ya wiki na unaweza kubaki hata mionzi ikiisha. Ukijua hivyo, siku mbaya haikutishi kwamba ugonjwa umerudi.

Hatua ya 3: Kitanda kiwe cha usiku

Hapa ndipo penye kazi. Mbinu hii ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972: kichwa kinajifunza kitanda ni cha nini. Ukilia kitandani, ukila kitandani, ukipokea wageni kitandani na kuangalia video kitandani, kichwa hakioni sababu ya kuzima ukipanda saa nne usiku.

Ugumu ni kwamba kwetu mgonjwa ana chumba kimoja, au amefikia kwa shemeji. Waliotoka mikoani kwa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road wanakaa Dar wiki kadhaa, na kitanda walichopewa ndiyo sebule yao. Sasa tandika mkeka. Mchana kaa mkekani au kwenye kiti barazani, mto mgongoni, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Wageni wanaokuja kutoa pole waje hapo hapo. Saa ya kulala ikifika, mkeka unakunjwa, unaingia kitandani.

Mengine ya hatua hii:
- Panda kitandani ukiwa na usingizi, si kwa sababu wenzako wamelala.
- Ukihisi kama dakika ishirini zimepita na macho makavu, toka. Tandika tena mkeka ukae, mwanga hafifu, sali au sikiliza redio kwa sauti ya chini. Usingizi ukikuvuta, rudi. Hata mara nne kwa usiku, toka. Kama kichwa kinazunguka au miguu haina nguvu, usinyanyuke peke yako. Keti tu kitandani umeegemea ukuta.
- Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbovu. Asubuhi toka nje upate mwanga, nusu saa hivi, kabla jua halijawa kali.
- Ukizidiwa mchana, sinzia dakika zisizozidi thelathini, kabla ya saa tisa alasiri. Mwambie mtoto akuamshe.
- Kahawa, chai ya rangi iliyokolea na soda za kola ziishie saa sita mchana.

Hatua ya 4: Punguza saa za kitandani

Tazama daftari. Tuseme unapanda saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi: saa tisa kitandani, lakini unalala saa sita tu. Saa tatu unagaragara. Wataalamu wa usingizi huzikata mara moja, ila kwa aliye kwenye kemo mimi naona ni ukatili. Sogeza saa ya kupanda mbele kwa nusu saa kila wiki: tatu na nusu, wiki ijayo saa nne, bila kubadili saa ya kuamka. Simama pale unapoona sehemu kubwa ya usiku umelala kweli. Usifike chini ya saa sita kitandani.

Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (bipolar), na anayeendesha bodaboda au gari, asiifanye hatua hii bila daktari.

Hatua ya 5: Tembea

Dakika tano kwenda, tano kurudi, mara mbili kwa siku. Ongeza kidogo kidogo hadi nusu saa, angalau siku tatu kwa wiki. Kipimo: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Kesho yake ukiamka hoi zaidi, ulizidisha, rudisha nyuma. Siku mbovu za dripu, zunguka uani tu. Kama saratani imefika kwenye mifupa, au umeambiwa chembe sahani (zile za kugandisha damu) ziko chini, uliza kwanza.

Usitembee, nenda hospitali, ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, unahema umekaa, kifua kinauma, mguu mmoja umevimba, unatoka damu, au mgongo unauma na miguu inakufa ganzi.

Hatua ya 6: Gawa kazi

Kazi moja unayoipenda uifanye saa ambazo daftari linasema una nguvu. Menya viazi umekaa. Oga umekaa kwenye kigoda. Kufua na kubeba maji waachie wengine, lakini si kila kitu. Kikombe chako osha mwenyewe.

Hatua ya 7: Mawazo yapewe saa yake

Saa kumi na moja jioni, robo saa, andika au mweleze mtu unayemwamini: ada ya watoto, majibu ya kipimo, nauli ya wiki ijayo. Yakija usiku, yaambie yasubiri kesho jioni. Halafu vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, mara kumi.

Jipe wiki nne hadi sita. Wiki ya kwanza ya hatua ya 4 utasinzia mchana, na ndugu watasema sista amekutesa. Siku ya kliniki njoo na daftari, na yule ndugu anayekukataza kuosha kikombe aingie naye.