Viza ya kea Uingereza: sponsa akinyang'anywa leseni ufanyeje

Kwanza nyie mlioko Dar, Nairobi au Mombasa, mtu akikwambia leo ana CoS (cheti cha udhamini cha mwajiri) ya kea, yaani mtunza wazee, anauza usitoe hata mia, huo mlango ulifungwa 22 Julai 2025, aliye nje ya nchi hapati tena viza mpya ya kutunza wazee. Manesi waliosajiliwa ni habari nyingine, njia yao bado ipo. Na familia ndo usiseme, tangu 11 Machi 2024 kea mpya haruhusiwi kuja na mke wala watoto.

Sasa tulioko huku tayari. Kuongeza viza au kuhamia bosi mwingine inaruhusiwa mpaka Julai 2028, ila viza yenyewe iko mfukoni mwa bosi, ndo sponsa wako, leseni yake ya kuajiri wageni ikifutwa na wewe unayumba, ndo maana watu wanakaa kimya hata wakikatwa masaa.

Ikitokea, usijifiche. Home Office (wizara ya uhamiaji ya Uingereza) wanakuandikia, kawaida unapewa siku 60, lakini fuata tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua yako wewe, siyo mahesabu ya WhatsApp. Hakikisha imeili na anwani walizonazo ni za sasa, maana barua ikipotea siku hazikusubiri. Siku hiyohiyo kusanya payslip zote, mkataba, rota (ratiba ya shifti) na CoS, kabla ofisi haijafungwa na simu kuanza kuita tu bila kupokelewa.

Orodha ya waajiri wenye leseni iko GOV.UK, tovuti ya serikali, bure kabisa. Ila kuwa kwenye orodha hakumaanishi masaa yapo, kuna kampuni zilileta watu kibao kazi yenyewe hakuna, kwahiyo uliza masaa ya wiki, uliza mafuta ya gari nani analipa, uliza kwa maandishi. England pia tangu Aprili 2025 mwajiri anatakiwa ajaribu kwanza kuchukua kea walioko nchini waliopoteza sponsa, ukipata imeili ya kukuunganisha na waajiri wa mkoa wako ijibu. Na usianze kazi mpya kabla viza mpya haijatoka, hapo ndo wengi wanajiharibia.

Kazi zipo jamani. Mwaka 2021/22 England ilikuwa na nafasi za kea zaidi ya 160,000 hazina watu, wakafungua viza Februari 2022, zikashuka mpaka kama 111,000 mwaka 2024/25. Wazee hawajapungua, mshahara bado unagusagusa kima cha chini kwasababu halmashauri zinazolipia huduma hazina hela, wenyeji hawaitaki, wageni wamezuiwa, basi pengo linazibwa na shifti mbilimbili za waliopo. Kwahiyo ukiwa na uzoefu na leseni ya udereva usikubali ofa ya kwanza kwa woga.

Fomu zijazwe na mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority (mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji), jina lake litafute mwenyewe mtandaoni. Yule kaka wa kanisani anayejazia watu viza jioni baada ya shifti hayumo.