Amemaliza kupiga piano: sasa utamwambia nini?

Akiondoa tu mikono, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mpiga piano huwa bado yumo ndani ya muziki, na ukimrukia na maneno hapo hapo hatasikia hata nusu.

Nafundisha piano sebuleni kwangu Milimani, Kisumu. Jumamosi moja kila mwezi wanafunzi huja na wazazi wao, tunaweka chai na mandazi mezani, kila mmoja anapiga na wenzake wanasema walichosikia. Zamani walikuwa wakisema "poa sana" halafu makofi. Sasa mtu aliyeambiwa poa sana, Jumatatu atafanyia mazoezi kitu gani? Na maneno makali pia yanaweza kuwa matupu. Nikiwa msichana niliingia mashindano, jaji akaniandikia "hisia hakuna", akaishia hapo. Mwaka mzima nilipiga nikiwa nimefumba macho na kuyumbisha kichwa, nikidhani hizo ndizo hisia.

Kwa hiyo kwangu lazima utaje mahali. Kila msikilizaji anashika nakala ya noti na penseli, anaandika namba ya baa. (Baa ya muziki, yaani kipande kidogo kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti, si zile za pombe za Kondele. Wavulana hucheka kila mara.)

Mwezi uliopita kijana wa sekondari alitupigia prelyudi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin ya E maina, opasi 28 namba 4, iliyochapishwa mwaka 1839. Ni fupi, baa 25 tu. Mkono wa kulia unaimba wimbo usiosogea sana, wa kushoto unarudia kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazoshuka pole pole, noti moja moja. Hakukosea noti hata moja, ila kodi ziliumeza wimbo.

Mwenzake akasema, "Mkono wa kushoto una kelele." Hiyo ni hukumu, na aliyehukumiwa hujitetea. Nikamwuliza: wewe masikio yako yalisikia nini? Akatazama karatasi yake. "Kuanzia baa ya kwanza nasikia kodi tu. Ile noti ndefu ya juu inazama kabla ya kufikia inayofuata."

Hapo tukapata kazi. Noti ya piano huanza kufifia punde tu nyundo inapogonga nyuzi, kwa hiyo ile ndefu lazima ianze na uzito wa kidole, na kodi zipite chini ya sauti inayobaki. Nikamwambia aache piano aimbe kwa solfa, kama wanavyofanya kwaya kanisani: miii-fa, miii-fa, miii-fa. Kisha apige mkono wa kulia peke yake. Kisha aongeze wa kushoto, vidole vikikaa karibu kabisa na vitufe. Aliporudia baa nne za kwanza, mama yake, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini akageuka.

Baa ya 17, pale sauti inapopanda, alikuwa ameikimbiza mno. Sikuitaja. Nimeiandika kwenye daftari, itangoja kikao kingine, kwa sababu mtu akipewa makosa sita kwa mara moja huondoka na lile lililomuuma zaidi, si lile la maana zaidi.

Sifa nazo zitajiwe mahali. Binti mmoja alimwambia, "Ulivyongoja kwenye kile kimya cha baa ya 23, kabla ya zile kodi tatu za mwisho, mimi niliacha kutafuna." Kijana alitabasamu hadi jioni.

Kabla ya kumlaumu mtu, kagua piano. Yangu ni kuukuu, na unyevunyevu wa huku ziwani hufanya mbao zivimbe. Msimu wa mvua kuna kitufe kimoja hukwama chini kabisa kisirudi. Mvua ikipiga mabati, usizungumzie sauti ndogo, hujazisikia.

Watoto wadogo waulize wao kwanza: wapi palikusumbua? Mara nyingi wanapajua kuliko wewe. Wazazi, mtoto wa jirani asitajwe.

Halafu apige tena pale pale mlipozungumzia, kabla hajainuka. Baa nne tu, dakika mbili. Ikigoma, mpunguzie mwendo, mkono mmoja mmoja, na mandazi yasubiri.