Kabla ya kwenda kongamano la kiharusi Mombasa

Tukialikwa kwenye kongamano la wataalamu wa kiharusi, wengi wetu hukimbilia kupamba slaidi. Slaidi zinaweza kungoja. Vinavyokula muda ni faili, ruhusa, na yule mgonjwa wa zamani mnayetaka aje azungumze, na hayo hayamaliziki usiku wa kuamkia safari.

Anza na faili. Ukumbini utaulizwa saa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hesabu huanzia mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima, si alipokutwa sakafuni asubuhi. Pitia kila kisa: alionekana mzima lini, alifika lini, picha ya CT ya ubongo ilipigwa lini, sindano ilidungwa lini. Kwetu kuna mtego. Jamaa anasema, "Aliamka vizuri, saa moja akaanguka," na anayeandika anatia 1:00 badala ya 7:00. Mgonjwa aliyewahishwa anageuka kuwa aliyechelewa kwa saa sita. Ukiona muda usioingia akilini, ipigie familia simu kabla ya kuutia kwenye jedwali.

Kwa wenzetu wa tiba ya viungo, angalieni vipimo. Ukianza na Barthel, inayopima kujihudumia na kufika 100, usimalize na Rankin, inayopima ulemavu kuanzia 0 hadi 6, halafu ukasema mgonjwa amepata nafuu. Video ya mtu anayetembea inapendeza, lakini haisemi alianzia wapi.

Video hiyo inahitaji ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kumziba mtu macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Mtu wa Kisauni atamjua jirani yake kwa sauti, hata kwa mwendo. Aliyepoteza usemi aulizwe polepole, swali moja moja la ndiyo au hapana, aonyeshwe picha, na mkewe asimjibie. Rudi umuulize siku nyingine. Jibu likibadilika, kiache kisa hicho.

Sasa mgeni wenu aliyewahi kupatwa na kiharusi. Meneja wa hoteli atakwambia kwenye simu kwamba kiti cha magurudumu kinapita kila mahali. Nenda na kiti ukajionee. Mara nyingi kinafika mpaka chini ya jukwaa, kisha zinabaki ngazi tatu. Kiingize chooni, ufunge mlango nyuma yako. Ikiwa mgeni anapanda kwa miguu, kumbuka kwamba mwenye mkono wa kulia mzima atashika chuma cha kulia akipanda, lakini akigeuka kushuka chuma kilekile kiko upande wake uliolegea. Vinatakiwa pande zote mbili. Kama kumeza bado kunamsumbua, chupa ya maji mezani si ukarimu. Muulize anayemtibu anywe nini, kizito kiasi gani. Mpeni maswali mapema, na anayeongoza kikao avumilie kimya bila kumdokezea maneno (wenye kipaza sauti hilo huwashinda). Mpangieni asubuhi. Baada ya pilau ya mchana uchovu wa kiharusi humzidi mtu, na ukumbi wenyewe umelala. Usafiri wake uwe gari dogo, akae kiti cha mbele. Tuktuk inamtaka mtu ajikunje na kuruka, mambo ambayo mguu uliolegea hauwezi.

Slaidi basi: herufi kubwa, maneno machache, nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe.

Safari nayo ina yake. Treni ya SGR kutoka Nairobi inashusha Miritini, na uwanja wa ndege wa Moi uko bara upande huohuo wa magharibi, ilhali hoteli nyingi za mikutano ziko Nyali, Bamburi na Shanzu, upande wa kaskazini. Jioni daraja la Nyali hujaa magari, kwa hiyo usipange kufika saa kumi na moja ukahutubu saa kumi na mbili. Kama mkutano uko Diani, utapita kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Beba kitambulisho. Wageni wanaotoka nje waache mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Wakati wa kaskazi nje utatoka jasho na ndani kiyoyozi kitakugandisha, hivyo sweta si mzaha. Waandaaji nao waangalie Ijumaa: ratiba isiyo na nafasi ya swala itaachwa na nusu ya ukumbi.

Kama unataka pointi za masomo endelevu, jisajili kwa nambari ya leseni yako, jina likiwa vilevile kama lilivyo kwenye baraza linalokupa leseni.

Na kabla hujatoka wodini, mwachie anayeshika zamu yako maandishi, usimwambie mlangoni tu: nani anameza salama, nani bado analishwa kwa mpira wa puani, nani anainuliwa na watu wawili, na familia ipi uliiahidi kuifundisha kumgeuza mgonjwa Alhamisi. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na watu wanatoka Kilifi kwa nauli yao wakakuta hakuna anayewatarajia.