Kuishi na familia kijijini Fiji: mambo ya kwanza kwa anayekwenda kujitolea

Kabla hujatoka Nadi au Suva, pitia sokoni ununue nusu kilo hivi ya mizizi mikavu ya yaqona (kava, mmea ambao mizizi yake husagwa ikawa kinywaji), isiyosagwa, iliyofungwa gazetini. Hiyo ndiyo hodi yako; mwenyeji atakupeleka uikabidhi kwa mkuu wa kijiji. Ukiingia kijijini vua kofia na miwani ya jua, ufunge sulu, kitambaa cha kujifunga kiunoni, ipite magoti. Kanga inatosha, hata kwa mwanamume. Ukipewa kata ya yaqona, piga kofi moja, kunywa yote kwa mkupuo, kisha makofi matatu. Ulimi utakufa ganzi kidogo, usishtuke. Usisifie mno kitu cha mwenyeji: utapewa, na kukataa ni taabu. Plagi zetu za pini nene haziingii huko, beba adapta. Jumapili ni kanisani, usipange kazi.