Uvimbe wenye maumivu kwenye mlango wa uke
Uvimbe unaojitokeza upande mmoja wa mlango wa uke, ukauma unapoketi au kutembea, mara nyingi hutokana na kuziba kwa tezi ya Bartholin, ambayo kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha uke. Kalia beseni la maji safi ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, na uvae chupi ya pamba isiyobana. Usiukamue wala kuutoboa kwa sindano, hata kishawishi kiwe kikubwa namna gani. Ukipata homa, uvimbe ukizidi kukua, au siku 3 zikipita bila nafuu, nenda kituo cha afya. Mjamzito, mwenye kisukari na aliyevuka miaka 40 wasisubiri.