Kumfuatilia mhenga mmoja kwenye rejista za zamani

Juzi nilikaa na rafiki mwenye mti wa ukoo wa majina mia nne, na karibu nusu yake si watu wa kwao. Kila tovuti ilipompendekezea jamaa, yeye alikubali. Tulipomaliza kukata matawi nilimwandikia hatua hizi.

Hatua ya 1: Anzia kwako, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Wazee walio hai waulize kwanza. Makaratasi yatasubiri, wao hawatasubiri.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja na swali moja. "Nataka kuujua ukoo wetu" si swali. "Mama yake babu alikuwa binti wa nani?" hilo ni swali. Kila mtu mpe namba: wewe 1, baba 2, mama 3. Baba wa yeyote ni namba yake mara mbili, na mama ni hiyo ukiongeza moja. Mimi naandika kwa penseli kwenye daftari. Programu nzuri zipo, na faili ya GEDCOM (aina ya faili ya mti wa ukoo inayosomwa na programu nyingi) inakuwezesha kuhama kutoka moja hadi nyingine, ila penseli haikupendekezei mtu.

Hatua ya 3: Ujue kilichokuwapo kabla hujakitafuta. Uingereza, amri ya parokia kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilitoka 1538; usajili wa serikali ulianza 1837 kwa England na Wales. Ufaransa ulianza 1792. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote imepotea kutokana na moto wa 1921, kwa hiyo usikeshe ukiitafuta. Naanzia FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure.

Hatua ya 4: Hakikisha ni yeye. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilipata ubatizo uliokaa sawa kabisa: jina lake, jina la baba, parokia ileile, mwaka unaoelekea. Nikajenga juu yake. Wiki tatu baadaye ndipo nikafungua rejista ya mazishi, nikamkuta yule mtoto amezikwa akiwa na miaka miwili. Mhenga wangu alikuwa mdogo wake, aliyerithishwa jina la marehemu. Sehemu nyingi wazazi walifanya hivyo, tena wakati mwingine zaidi ya mara moja.

Basi ukipata ubatizo, nenda moja kwa moja kwenye mazishi ya miaka kumi inayofuata. Kisha orodhesha watoto wote wa nyumba ile, hata wasiokuhusu. Wakiwapo watu wazima wawili wa jina moja, mfuate na yule usiyemtaka mpaka umwone anaingia kaburini. Inachosha, lakini sijaona njia ya mkato. Majina ya mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo yanakili yote; mara nyingi ni ndugu.

Umri usiuamini sana. Katika sensa ya England ya 1841, makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano iliyo chini yake, yaani mwenye 34 akaandikwa 30. Na baadhi hawakuifuata amri hiyo!

Tarehe nazo zina mtego. England kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1720 ilikuja baada ya Aprili 1720. Rafiki yangu alishamhukumu bibi wa watu kwamba alizaa kabla ya ndoa, kumbe ndoa ya Aprili ilitangulia ubatizo wa Februari kwa miezi kumi.

Halafu faharasa, ile orodha ya majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye rejista. Aliyeiandaa alikuwa anakisia mwandiko kama wewe tu. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, usome na kurasa za jirani.

Hatua ya 5: Tafuta wosia. Unataja wana, mabinti na wakwe, na hata aliyenyimwa.

Hatua ya 6: Andika chanzo: rejista ipi, ukurasa upi, uliiona lini. Ulichokitafuta ukakikosa nacho kiandike. Kuna rejista moja ya ndoa nimeipekua mwanzo hadi mwisho mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza sikuandika kwamba hayumo.