Somo: Koki za bia za kujihudumia, na kwa nini povu ndilo litakalokufilisi

Wakuu, salaam. Niliahidi somo hili tangu ndugu mmoja aliponiuliza kuhusu baa ambako mteja anajimiminia mwenyewe. Mimi ni fundi wa mitambo ya bia, niko Dallas, Texas. Kazi yangu ni kuta za koki: kumi, ishirini, wakati mwingine arobaini. Mteja anapewa kadi mlangoni, anaigusisha kama kadi ya mwendokasi, koki inafunguka, anamimina, mita inahesabu.

Kila anayeuona ukuta huo anapenda skrini. Naomba muisahau skrini kwanza. Kwenye baa ya kawaida mhudumu akimwaga povu nusu glasi, hasara ni ya tajiri na mteja hana habari. Hapa mteja anashuhudia povu likihesabiwa kwenye pesa yake. Ukikosea ubaridi na presha, hakuna programu itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Ubaridi

Bia ndani ya pipa ikae kwenye nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi. Ndani ya pipa, nasisitiza. Kupooza glasi ni mapambo tu. Pipa lililofika likiwa na nyuzi 10 linahitaji kama saa 24 kwenye chumba cha baridi kabla ya kuunganishwa. Wenye haraka huliunganisha jioni ileile, kisha wanampigia fundi simu kwamba mtambo ni mbovu.

Ukuta wa koki ukiegemea chumba cha baridi, umepona: baridi ya chumba inafika hadi kwenye koki. Ukiwa mbali, mirija ya bia inafungwa pamoja na mirija ya glaikoli baridi inayozunguka (kimiminika kisichoganda kwa urahisi), vyote ndani ya sponji nene. Iwe propilini glaikoli, inayokubalika kwenye vyakula. Ile ya rejeta ya gari ni sumu.

Na kabla sijasahau: gesi ya kaboni dayoksaidi, ile inayosukuma bia kutoka kwenye pipa, ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na kwenye chumba kilichofungwa inaua. Weka king'ora cha gesi. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 2: Presha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bia ya laga ya kawaida kwenye nyuzi 3 inahitaji presha ya psi 11 au 12 (psi ni pauni kwa kila inchi ya mraba) ili gesi iliyomo ibaki ilimo. Ukipunguza presha, gesi inatoka ndani ya mrija na unapata povu. Ukiizidisha, bia inafyonza gesi zaidi, na baada ya siku chache unapata povu lilelile. Kwa hiyo presha haichezewi ili kurekebisha kasi ya bia. Kasi inarekebishwa kwa mrija.

Mrija mwembamba wa plastiki, wa inchi 3/16, unazuia psi 2 hadi 3 kwa kila futi, kutegemea mtengenezaji. Kupandisha bia mita moja juu kunakula karibu psi 1.4. Tuseme una psi 12 na koki iko juu ya pipa kwa mita 1.2. Kimo kimekula kama 2, zimebaki 10, na hizo lazima mrija uzimalize: futi tatu na nusu hadi tano. Anza na tano, mimina, kata kidogo kidogo. Mrija ukishaukata haurefuki. Unalenga glasi ya aunsi 16, karibu nusu lita, ijae kwa sekunde nane hivi.

Stauti ya naitrojeni, kama Guinness, ina hesabu zake: mchanganyiko wa gesi wa asilimia 75 naitrojeni na 25 kaboni dayoksaidi, presha ya psi 30 au zaidi, na koki yake maalumu. Usitumie mtungi mmoja wa gesi kwa stauti na laga.

Hatua ya 3: Mita, vali na boya

Kila mrija unapita kwenye mita na vali ya umeme. Vali iwe ya aina inayojifunga umeme ukikatika. Mita nyingi zina kijipanga kama cha feni kinachozungushwa na bia, na povu hukizungusha hovyo. Ndiyo maana karibu na pipa tunafunga kikopo chenye boya: pipa likiisha, boya linashuka na kuziba njia, mrija unabaki umejaa bia badala ya kujaa hewa. Kuna wenye baa wanaokiona kikopo hiki ni gharama ya bure. Wateja wao hulipia upepo kila pipa linapoisha.

Mita zote zipimwe kwa chombo cha lita moja kabla ya kufungua milango.

Hatua ya 4: Kadi

Ama mteja analipa kwanza, mtindo wa LUKU, ama anaacha kadi yake ya benki na kulipa akiondoka. Wanaolipa mwisho hunywa kwa uhuru zaidi, lakini wapo wanaoondoka na kadi ya koki mfukoni bila kulipa. Weka kikomo. Huku kinachotumika sana ni aunsi 32, karibu lita moja. Zikiisha kadi inajifunga hadi mhudumu amtazame mteja usoni na kuifungua tena. Umri unakaguliwa wakati wa kutoa kadi: huku ni miaka 21.

Hatua ya 5: Mfundishe mteja

Mtu mgeni huivuta koki nusu kwa woga, na koki iliyofunguliwa nusu inatoa povu tupu. Fungua yote kwa mara moja, glasi ilale nyuzi 45, iinuke inapokaribia kujaa, mdomo wa koki usizame kwenye bia. Lazima awepo mtu wa kusimama ukutani.

Hatua ya 6: Usafi

Kila siku 14: sabuni kali ya kostiki, mchanganyiko wa asilimia 2, maji ya uvuguvugu, izungushwe kwa pampu dakika 15, koki zikifunguliwa na kusuguliwa kwa mkono. Kila miezi mitatu, dawa ya asidi ya kuondoa ukoko wa madini. Usichanganye hizo mbili kamwe, na vaa miwani.

MASWALI

Kutoka Mwanza: Mkuu, nikinunua mtambo uliotumika huko Marekani nikausafirisha, si nitaweka transfoma tu?

Transfoma itakubadilishia volti, haibadilishi mzunguko wa umeme, yaani hezi. Huku ni hezi 60, nyumbani ni 50. Skrini na mita hazina shida, nyingi zinatumia adapta. Kinachoteseka ni kompresa ya friji na ya glaikoli: inazunguka polepole, inachemka, inakufa. Beba koki na mita, kompresa nunua ya hezi 50. Na kabla ya kontena kuondoka, pita Wakala wa Vipimo uulize juu ya mita inayomtoza mteja, kisha uhakikishe mtambo unaongea na mashine yako ya risiti za kodi, EFD.

Kutoka Mbeya: Nina drafti (bia ya pipa) ya kawaida, presha naweka 12 kama ulivyosema, bia inatoka haina gesi, haina uhai.

Mbeya mko mita 1,700 juu ya bahari. Geji inalinganisha na hewa ya nje, na hewa yenu ni nyepesi. Ongeza psi 1 kwa kila mita 600 hivi. Weka karibu 15, urefushe mrija kidogo.

Kutoka Nairobi: Hapa inaruhusiwa kweli?

Soma Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Inakataza kuuza vileo kwa mashine za kujiuzia. Unaweza kudai kwamba ukuta wenye mhudumu na kadi si mashine ya namna hiyo, lakini dai hilo mpe wakili alisome kabla hujatoa hata shilingi.

Kutoka Dar: Fundi, Mbongo anataka bia ifunguliwe mbele yake. Atakubali hii ya bombani?

Hilo ndilo swali zito kuliko yote, na sina jibu la kiufundi. Ningeanza na koki nne, si ishirini, na ningeweka dirisha la kioo ili watu wayaone mapipa.

Kutoka Mbeya tena: Nimeweka 15. Uhai umerudi ila sasa glasi ya kwanza ni povu.

Ya kwanza tu? Basi koki imepata joto kwa kukaa. Pima joto la bia kwenye glasi ya pili, uniambie imesoma ngapi.